Vilima Vinne Nyuma ya Nyumba Yetu

Juma hili hatutazungumza habari ya karo za shule, wala ya mahari, wala ya ugomvi wa majirani. Twataka kuwasimulia matembezi ya siku moja tuliyoyafanya juu ya vilima vilivyo nyuma ya mji wetu wa Kalemie. Msiseme, "Vilima ni vilima tu, vina habari gani?" Hata sisi tulisema hivyo. Tukaenda, tukarudi tumefundishwa. Na mwalimu wetu alikuwa mtoto wa miaka 13.

Jambo lilianza hivi. Jioni moja binti yetu mdogo alikuwa akichora picha ya nyumba kwa ajili ya shule. Akainua macho, akatazama nje, akauliza, "Baba, nyuma ya kile kilima kuna nini?" Tukamjibu, "Kuna kilima kingine." Akauliza tena, "Na nyuma ya hicho?" Hapo tukakosa jibu. Tumekaa Kalemie miaka mingi. Twajua siku ya kuwasili meli, twajua bei ya ndagala wabichi na ya wakavu, twajua ni nyumba gani za kando ya maji zilizoingiliwa na ziwa lilipopanda mwaka 2024. Lakini kilima ambacho kivuli chake huangukia paa letu kila jioni, hatujapata kukikanyaga hata mara moja.

Nasi hatuko peke yetu. Watu wa Kalemie tumelipa ziwa uso, na vilima tumevipa kisogo. Ziwani ndiko wanakotoka samaki, na wageni, na habari za ng'ambo. Vilimani twaona yanatoka makaa tu, makala kama tusemavyo sisi wa Kongo, wala hatuulizi yametoka kwa njia gani. Watoto wetu wanaweza kuutaja Kilimanjaro, na milima ya Ulaya yenye theluji wanaitazama katika simu za kaka zao. Kilima cha nyumbani hawakijui, kwa kuwa wazazi wao hawakijui. Basi tukaona haya, tukaamua kwenda.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa, tuliwaeleza ndugu wa jumuiya yetu ndogo ya kikristo. Wengine walicheka, wakasema kwamba mtu hupanda kilima akiwa na shughuli, si kwa kutembea tu. Lakini baba wawili na mama wawili wakakubali kufuatana nasi, na watoto 8. Tukachagua Jumamosi ya mwezi wa Juni, wakati mvua zimekwisha na njia ni kavu. Kabla ya siku ile tulikwenda kumwarifu chifu wa mtaa, kwa maana katika jimbo letu la Tanganyika miaka ya vita imewafundisha watu kuogopa kundi wasilolijua linapotokea juu ya kilima. Chifu alitusikiliza, akatupa ruhusa, akatutakia safari njema.

Siku ya Ijumaa jioni tulipita nyumbani kwa mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane auzaye makaa. Yeye ni mtu wa upande wa Nyunzu. Alikimbilia Kalemie mwaka 2017, wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba, pamoja na maelfu ya watu walioacha mashamba na nyumba zao. Alifika na mtoto wa kiume, kisha hakurudi tena kwao. Mtoto huyo, ambaye sasa ni kijana wa miaka 13, alikuwa amesikia habari ya matembezi yetu, naye akataka kuja. Tukasimama mlangoni, tukamwomba mama yake ruhusa. Akakubali. Mmoja wetu akatazama kandambili za kijana, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu atatuchelewesha." Nasi, tukiri kweli, tulimchukua kwa huruma, kama mtu atoavyo sadaka. Hakuna aliyemwuliza mama yule neno lolote kuhusu njia.

Tulitoka saa 12 na nusu asubuhi, watu 14. Tulichukua mihogo ya kuchemsha, ndagala wakavu, ndizi, na maji katika bidoni mbili za lita 5. Yeyote ajuaye hesabu ataona mara moja kosa letu la kwanza: hata lita moja kwa kila mtu haikufika. Lakini asubuhi kulikuwa na upepo mzuri kutoka ziwani, na asubuhi hakuna aonaye kiu.

Kilima cha kwanza ndicho tukionacho kila siku. Hakina jina katika ramani yoyote tuliyopata kuiona. Njia yake inapita katikati ya mashamba ya mihogo, halafu inakuwa ya mawe na yenye kupanda wima. Tuliupanda mteremko ule kwa saa nzima, watoto wakikimbia mbele, watu wazima wakihema nyuma. Tulipofika juu, tuligeuka tukanyamaza sote.

Mji wetu ulikuwa chini kama mkeka uliotandikwa: bandari, reli, mapaa ya mabati, majengo ya Filtisaf, kiwanda cha nguo cha zamani, na mitumbwi midogo ikirudi kutoka uvuvi wa usiku. Mbele ya hayo yote, ziwa. Na ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa hewa ilikuwa bado safi, ilionekana milima ya Mahale ya Tanzania, ambayo kilele chake, Nkungwe, kina meta 2,462. Watoto wakauliza kwa nini milima iko upande ule na upande huu, na maji katikati.

Tuliwaeleza kama tulivyoweza. Nchi hii yote ya mashariki imepasuka tangu zamani za kale, nayo ingali ikitanuka polepole sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kingo mbili zilibaki juu, na sakafu ya katikati ikazama. Maji yakalijaza shimo lile, yakawa Tanganyika. Ndiyo sababu ziwa letu ni refu na jembamba. Lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Uso wa maji yake uko kama meta 770 juu ya bahari, hivyo sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa meta 700 hivi. Basi kilima tulichokuwa tumekikalia hakikuanzia pale tulipoanza kupanda. Twaona kipande chake cha juu tu. Miguu yake imo majini.

Halafu tukawakumbusha, au tuseme tukawafundisha, maana hawakuwa wamezaliwa bado, habari ya tarehe 5 Desemba 2005. Siku ile, saa 8 mchana na dakika 19, ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 6.8. Nyumba nyingi za Kalemie zilianguka au kupasuka, na watu walikufa. Mama mmoja kati yetu alikuwa sokoni saa ile. Akawaonyesha watoto kwa kidole mahali alipokuwa amesimama. Wakatazama kwa heshima. Hivyo ndivyo mtoto anavyoijua nchi yake: haitoshi kutajiwa jina, sharti aonyeshwe mahali.

Tukashuka bondeni, tukapanda kilima cha pili, kilicho kirefu kuliko cha kwanza, na mgongo wake umechongoka. Kutoka pale, upande wa kusini, tulimwona Lukuga. Watoto walitazamia kuuona mto mkubwa unaoingia ziwani. Wakashangaa kuambiwa kwamba huu unatoka. Mito mingi inaingia Tanganyika, kama Ruzizi kutoka kaskazini na Malagarasi kutoka Tanzania. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, ndio huu wetu. Lukuga anapita kati ya vilima, anashika njia ya magharibi mpaka kuungana na Lualaba, na maji yake yanafika baharini kwa jina la Kongo. Hata reli ya kwenda Kabalo, iliyokamilika mwaka 1915, ilifuata njia hiyohiyo iliyofunguliwa na mto.

Mmoja wa akina baba, aliyepata kuwa mwalimu wa historia, akatusimulia neno ambalo tulilisikia bila kulitia moyoni, tulilielewa baadaye. Mwaka 1874 Mwingereza aitwaye Cameron alifika hapa akitafuta mahali maji ya ziwa yanapotokea. Wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo. Chifu wa mahali hapa akamwambia wazi kwamba Lukuga unatoka ziwani na kwenda mpaka Lualaba, na kwamba watu wake wamezoea kusafiri kando yake mwendo wa zaidi ya mwezi. Cameron aliingia mtoni kidogo, majani yakamzuia, akarudi. Mwaka 1876 akaja Stanley, akaona matope na mafunjo yameziba njia, naye akabisha. Mwishoni mwa mwaka 1879 akaja Thomson, akauona mto unakimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Kwa kuwa katikati ya miaka ile ziwa lilikuwa limepanda na kulivunja lile zuio. Ndipo ubishi ukaisha huko Ulaya. "Basi," akasema mwalimu, "vitabu vikaandika kwamba Cameron aliuvumbua mlango wa ziwa. Lakini nani alimwambia?" Tukacheka, tukasema kwamba wageni ndivyo walivyo. Hatukujua kwamba kabla ya jua kuchwa tungejicheka wenyewe.

Kufikia saa 5 jua lilikuwa kali. Tulipanda kilima cha tatu taratibu, na huko tukaona kitu kingine: hapakuwa na miti. Palikuwa na visiki, vingine vipya, vingine vimechipua fimbo nyembamba. Kando ya njia tulikuta alama nyeusi za duara, kubwa kama sakafu ya kibanda. Kijana wetu wa kandambili, ambaye tangu asubuhi alikuwa kimya, akaanza kusema, kwa kuwa hapo alikuwa kwake. Akawaeleza watoto wenzake jinsi makaa yanavyofanywa. Magogo yanakatwa na kupangwa vizuri, makubwa katikati. Yanafunikwa kwa majani mabichi, kisha kwa udongo. Moto unatiwa kwa tundu moja, na mtu analala pale usiku akilinda. Udongo ukipasuka, hewa huingia, na kazi yote ya siku nyingi huwa majivu. Ukifunga sana, moto hufa. Alijua rangi ya moshi inayosema kwamba kuni zingali na maji, na rangi inayosema kwamba makaa yameiva. Mtoto huyu hajamaliza shule ya msingi, kwa kuwa siku nyingine mama yake humhitaji. Lakini pale alisema kama mwalimu mbele ya ubao.

Sisi watu wazima tulitikisa vichwa, tukasema, "Tazameni jinsi watu wanavyoharibu milima." Mmoja akataja Kabobo, mlima mkubwa wa kaskazini wenye msitu. Huko, mwaka 2007, wataalamu walikuta viumbe 6 ambavyo elimu ilikuwa haijavijua: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili, na mwaka 2016 msitu ule ukafanywa hifadhi. "Kule wanatunza," akasema, "huku tunakata." Maneno mazuri. Lakini hakuna aliyemwuliza kijana kwa nini mama yake anakata, wala ni nani anayenunua.

Ndipo likatokea neno tunalolijutia. Bidoni moja ilikuwa tupu, na ya pili imefika nusu. Kijana akatukaribia, akasema kwa adabu, "Baba, korongo la mbele halina maji tangu mwezi uliopita. Maji yapo chini, upande wa machweo, penye mchikichi ulio peke yake." Kushuka kule kulikuwa kupoteza saa nzima na kukikosa kilima cha nne. Baba mmoja akatoa simu, akafungua ramani, akatuonyesha mstari wa buluu uliopita katika korongo la mbele. "Mto upo," akasema. Tukaitazama simu, tukamtazama mtoto wa kandambili, tukaiamini simu. Tukamwambia, "Twende tu, tutayakuta." Hakubisha. Mtoto aliyelelewa vema habishani na wazee. Na kwa hiyo wazee wapaswa kuwa na masikio mawili zaidi.

Korongo lilikuwa mchanga na mawe ya moto. Hapo ndipo ilipotupasa kurudi. Lakini tulikuwa tumewaahidi watoto vilima vinne, na kilima cha nne kilikuwa pale mbele, hakikuonekana kuwa mbali. Kiburi cha mtu mzima kina jina zuri. Huitwa kutimiza ahadi. Tukapanda.

Tulifika juu baada ya saa 8. Hatuwezi kuwaelezeeni yaliyoonekana kutoka kule, maana hatukutazama. Binti yetu, yule aliyeuliza swali la kwanza, aliketi chini akasema kichwa kinamwuma. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto na ngozi kavu. Akatapika. Halafu akaanza kujibu maswali yetu kwa maneno yasiyopatana. Mama yake akamkumbatia. Nasi tukageuka huku na huku tukitafuta kivuli cha kumlaza. Wasomaji wapenzi, hapakuwa na kivuli. Mgongo mzima wa kilima ulikuwa visiki na majani makavu. Kivuli tulichokihitaji saa ile kilikuwa kimekwisha kushushwa mjini katika magunia. Na ni nani aliyekinunua? Ni sisi. Kila juma mama wa nyumba yetu hununua ndoo za makaa penye pembe ya barabara, nasi tunalalamika tu kwamba bei imepanda.

Tulimfunika binti kwa kitenge kilichoshikwa na watu wanne, tukamlowesha kichwa na shingo kwa maji yaliyobaki. Kijana hakungoja kuambiwa. Alichukua bidoni zote mbili, akashuka mteremko akikimbia, baba mmoja akijaribu kumfuata. Tulihesabu dakika. Tulisali Rozari, na wengi hatukujua tumefika fumbo la ngapi. Baada ya muda uliotuonekea kuwa siku nzima, tuliwaona wanarudi, si wawili bali watatu. Wa tatu alikuwa mama wa makaa.

Alikuwa ametoka mjini saa 10 ya alfajiri kwenda kushusha gunia lake, na mwanawe alimkuta kisimani anapumzika. Aliliacha gunia chini ya mchikichi, akapanda na maji. Hakutulaumu. Alimvua binti viatu, akamlowesha mwili mzima, akampepea kwa upande wa kitenge chake, akasema naye kwa sauti ya chini kama bibi yake mzazi. Mama mwingine kati yetu alikuwa na dawa ya klorini mfukoni, kwa maana Kalemie twaijua kipindupindu vizuri mno; tukatia dawa, tukangoja nusu saa, ndipo tukamnywesha kidogo kidogo. Mungu ashukuriwe, akili zake zikarudi. Akaomba ndizi.

Tulishuka kwa njia ya wachoma makaa, ambayo haimo katika simu yoyote, nayo ni fupi na salama kuliko ile tuliyojitengenezea. Binti alibebwa mgongoni. Tulipofika kisimani penye mchikichi, mama yule akaketi kitako, akajiwekea kata kichwani, akaomba tumsaidie kuinua gunia. Tulikuwa wanaume wawili, nasi tuliona uzito wake. Hapo tukamwomba radhi. Akatujibu neno moja: "Baba, jana jioni mlisimama mlangoni pangu. Mngeniuliza njia, ningewaambia." Basi akatangulia. Tuliingia mjini jioni, saa 12 na nusu. Binti tulimpeleka kwa mganga wa zahanati usiku uleule, naye akathibitisha kwamba joto na ukosefu wa maji ndivyo vilivyomwangusha. Siku ya pili alikuwa akicheza.

Tangu siku ile tunalifikiri neno la mama yule. Tulikuwa tumeviita vilima vile "visivyojulikana". Havijulikani na nani? Chifu wa mwaka 1874 aliujua Lukuga kabla ya Cameron. Vyura wa Kabobo walikuwa wakilia kabla wataalamu hawajawapa majina. Na vilima vyetu vinajulikana jiwe kwa jiwe, chemchemi kwa chemchemi, na watu wanaovipanda kabla ya mapambazuko wakishuka na mzigo kichwani. Kitu tulichokiita matembezi ni njia ya chakula chao. Tulikuwa tumeketi nao katika jumuiya moja, tukipeana mkono wa amani kila Dominika, wala hatukuwahi kuwauliza lolote isipokuwa bei.

Wengine watasema, "Basi mama huyo aache kukata miti." Ni rahisi kusema. Kwao Nyunzu alikuwa na shamba, hapa hana. Umeme wetu unatoka Bendera, penye maporomoko ya mto Kyimbi, lakini hauzifikii nyumba nyingi, na hata unapofika hauna nguvu ya kuchemsha maharagwe ya mji mzima. Maadamu sisi twapika kwa makaa, mtu fulani atakata. Kumlaumu mkataji na kumsahau mpishi ni kuipiga miiba na kuusahau mti. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kuitunza nchi, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vyafaa visikilizwe pamoja. Sisi tulivisikia pamoja juu ya kilima cha nne, na mmoja wa waliokuwa wakilia alikuwa mtoto wetu.

Yafaa basi tuwaachie mashauri machache, jinsi ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Kwanza, tembeeni na watoto wenu. Msikubali kisa chetu kiwatishe. Bikira Maria alipokwenda kumwamkia Elizabeti alipanda nchi ya milima, na Bwana wetu mara nyingi alipanda mlimani kusali. Lakini nendeni mapema na mrudi kabla ya jua kali. Chukueni maji ya kutosha, kwa siku ya jua si chini ya lita 2 kwa mtu, na zaidi kwa mwendo mrefu. Aliye mdogo na atangulie mbele, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Na mtoto akisema kichwa kinamwuma, kilima kimekwisha, rudini.

Pili, ulizeni. Kuuliza si ujinga. Ulizeni kwa chifu, ulizeni kwa wazee, na zaidi ulizeni kwa wale wanaopita huko kila siku, hata ikiwa wamevaa kandambili.

Tatu, makaa yenu yatumieni kama fedha. Gunia moja hula kuni nyingi sana, kwa kuwa katika tanuru ya udongo kilo moja ya makaa hudai kilo 5 mpaka 10 za mti. Mbabula iliyozungushiwa udongo hushika joto na kupunguza makaa. Kuloweka maharagwe usiku kucha hupunguza saa za kupika. Nao wakataji wajue kwamba miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kisiki, iwapo kisiki haking'olewi na majani hayachomwi moto kila kiangazi. Zile fimbo nyembamba tulizoziona ndizo kivuli cha wajukuu wetu. Zimngoje mwenye subira.

Katika jumuiya yetu, Dominika ya pili baada ya matembezi, tulimwomba mama yule aseme, nasi tukanyamaza. Alitaja makorongo matatu ambayo visiki vyake vikiachwa miaka kadhaa vitarudi kuwa msitu, na akaomba kisima cha mchikichi kijengewe mawe ili maji yasichafuliwe. Wanaume sita wamekwisha kwenda kwa kazi hiyo, wakiongozwa naye. Na karo ya mwanawe kwa mwaka huu jumuiya imeichukua, si kwa huruma safari hii, bali kwa deni. Bado yeye huchoma makaa. Hatukuwaambia kwamba tumelimaliza jambo, tumelianza tu.

Binti yetu alimaliza picha yake. Nyuma ya nyumba alichora vilima vinne, na juu ya cha nne mtu mwenye bidoni mbili. Juzi akauliza, "Baba, na nyuma ya kile cha nne kuna nini?" Safari hii hatukukosa jibu. Tukamwambia, "Kesho, baada ya Misa, twende tukamwulize mama."